Naweka kila mwezi, mbona kibaba hakijai?

SWALI

Shikamoo shangazi,

Nina umri wa miaka 31, nimeajiriwa, bado sijaoa. Miaka miwili na miezi minne iliyopita nilisoma kwamba mtu akitenga sehemu ya kumi ya mshahara wake kila mwezi, akaiwekeza na asiiguse, baada ya miaka atajikuta mbali. Nikaamua. Nilijiunga na mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nikaiagiza benki ikate yenyewe kila tarehe moja, na tangu siku hiyo sijakosa hata mwezi mmoja. Hilo najivunia, maana mimi ni mtu wa kuanza mambo na kuyaacha njiani.

Lakini shangazi, sioni kitu. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nafungua simu kuangalia salio la vipande vyangu, yaani sehemu za mfuko ninazozinunua kwa pesa ninayoweka. Kuna siku limepanda kidogo, kuna siku limeshuka, kuna wiki nzima limesimama palepale. Juzi nilipiga hesabu: faida yote ya miezi 28 haizidi theluthi moja ya mshahara wangu wa mwezi mmoja. Miezi 28 ya kujinyima, shangazi, napata theluthi ya mshahara!

Kilichonisukuma kuandika ni rafiki yangu tunayefanya kazi ofisi moja. Amejiunga na kikundi kinachofanya biashara ya fedha za kigeni mtandaoni. Unawapa pesa, wanafanya biashara kwa niaba yako, na kila mwezi unapata asilimia 30. Ameshatoa faida mara mbili na zote zilimfikia, nimeziona kwa macho yangu kwenye simu yake. Ananiambia, "Wewe faida yako utaila ukiwa na mkongojo." Anataka nivunje akiba yote niiingize huko kabla mwezi huu haujaisha, kwa kuwa baada ya hapo hawapokei wanachama wapya.

Wala si pesa peke yake. Ndani ya miaka hii miwili nimejaribu mara tatu kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kila mara naanza kwa moto, nakaa muda wa saa tatu kila usiku. Wiki ya pili au ya tatu linatokea jambo, nakosa siku mbili, naona nimeshaharibu, naacha. Mdogo wangu alianza wakati uleule nilioanza mimi, tena kwa kusoma kidogo kidogo, na sasa anatengenezea watu tovuti na kulipwa. Nikimwona nafurahi, na rohoni naumia.

Usidhani nina matumizi mabaya. Sinywi, sichezi kamari, sidaiwi na mtu. Mwisho wa mwezi mambo yakibana nachukua mkopo mdogo wa simu, kama sehemu ya kumi ya mshahara, nalipa mshahara ukiingia pamoja na ada yao ya asilimia 8. Nilianza mwezi uleule nilioanza kuweka akiba na sijawahi kuchelewesha hata siku moja.

Naomba unijibu. Hizi hatua ndogo ndogo zina maana kweli, au ni maneno ya kuwafariji wasio na mtaji? Nimfuate rafiki yangu? Na mtu asiye na subira kama mimi aipate wapi?

Mwanao,
Niliyechoka Kusubiri

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani yake kuna jambo ulilolipitisha haraka ambalo kwangu mimi ndilo barua nzima. Nitalifikia. Kwanza nimalize la rafiki yako, maana hilo lina tarehe.

Usiingize hata senti moja kwenye kikundi hicho. Asilimia 30 kwa mwezi ni ahadi inayojikana yenyewe ukiipigia hesabu. Chukua 100. Ikue kwa asilimia 30 kila mwezi, faida ibaki humo humo. Baada ya mwaka mmoja imekuwa 2,330. Baada ya miaka miwili imepita 54,000. Mtu anayeweza kugeuza 100 kuwa 54,000 kwa miaka miwili angekopa popote kwa riba yoyote, alipe, na bado abaki tajiri. Asingekuwa na haja ya akiba ya kijana wa ofisini, wala asingemwekea siku ya mwisho ili asipate nafasi ya kufikiri.

Kwamba rafiki yako ameshalipwa mara mbili hakunitulizi, kunanitia hofu zaidi. Mwaka 1920, katika jiji la Boston nchini Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, akidai anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa. Waliotangulia walilipwa kweli, na furaha yao ndiyo iliyowavuta ndugu na majirani zao. Pesa waliyolipwa ilikuwa ya hao hao waliowafuata. Kufikia Agosti mwaka huohuo kila kitu kilikuwa kimeporomoka, na waliochelewa kuingia ndio walioumia zaidi. Rafiki yako usimbeze wala usigombane naye. Mwombe jambo moja: wiki hii ajaribu kutoa mtaji wake wote, mtaji wenyewe na si faida. Wewe nawe iulize mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji kama kikundi hicho kina leseni. Akikwama kutoa, au leseni ikikosekana, ataelewa bila wewe kumhubiria, na huenda akawahi kuokoa kilichobaki.

Sasa lile ulilolipitisha haraka. Umesema hudaiwi na mtu, kisha pumzi hiyohiyo ukataja mkopo wa simu wa kila mwisho wa mwezi. Umeutaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwanangu, hapo ndipo miezi yako 28 ilikokwenda.

Tuuite mshahara wako 100. Kila tarehe moja 10 inakwenda kwenye mfuko. Miezi 28 umeweka 280, na kwa hesabu yako salio sasa ni kama 312, yaani vipande vyako vimekuwa vikikua kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Mfuko wako haujakukosea. Tugeukie upande wa pili. Kila mwisho wa mwezi unakopa 10 na kurudisha 10.8. Hiyo 0.8 ni ndogo, haimuumi mtu, ndiyo maana hukuihesabu. Izidishe mara 28: ni 22.4. Faida yote uliyovuna ni 32, na katika hiyo 22 umeibeba mwenyewe ukampelekea mkopeshaji. Zaidi ya theluthi mbili! Kilichobaki mkononi mwako ni kama 10, na kwa miezi 28 hata mimi ningechoka.

Najua umeambiwa tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo naiheshimu kwa sababu ni ya kweli na haina makuu: kibaba ni kipimo kidogo, vibaba vinne ndiyo pishi moja, na wahenga hawakuahidi ghala. Lakini walichukulia kwamba kibaba ni kizima. Chako kina tundu. Haba inayoingia ni asilimia 10 kwa mwaka. Haba inayotoka ni asilimia 8 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka mzima ni 96 kwa kila 100 unayoiacha izunguke kwenye mkopo. Hatua ndogo zinafanya kazi, mwanangu, na zimekuwa zikifanya kazi kwako kwa miezi 28 pande zote mbili.

Na hapa nina habari njema, nilipoiona kwenye karatasi nilitabasamu. Hebu tazama mzunguko wako wa mwezi. Mshahara 100 unaingia. Unaweka 10, unalipa mkopo 10.8, inabaki 79.2. Unakopa 10 nyingine, unaishi kwa 89.2. Kwa hiyo maisha yako ya mwezi, kodi, nauli na vyote, yanagharimu 89.2. Sasa chukua mwezi mmoja tu, ujao, uiambie benki isikate. Utalipa mkopo 10.8, utabaki na 89.2, na hiyo ndiyo pesa unayoishi nayo siku zote, kwa hiyo hutakopa. Mwezi unaofuata hudaiwi. Mshahara 100, unaweka 10, unabaki na 90. Umerudi kwenye kuweka sehemu ya kumi, mkopo umekufa, na nafasi yako ya kupumua imeongezeka kidogo. Mwezi mmoja, mwanangu. Miaka miwili yote umekuwa ukikopa kuziba shimo la mwezi wa kwanza. Pesa unayoiweka tarehe moja ndiyo ileile unayokwenda kuikopa tarehe 20 na kitu, kwa bei mbaya.

Najua utaona uchungu kuvunja rekodi yako ya kutokosa. Rekodi hiyo imekufundisha mengi na sitaki uidharau. Lakini kulipa deni lenye gharama ya asilimia 8 kwa mwezi ni kama kupata kitega uchumi cha asilimia 8 kwa mwezi kisicho na hatari yoyote. Kama kuna mtu kwenye barua yako anayeweza kukupa faida kubwa ya uhakika, ni wewe mwenyewe ukifuta mkopo huo.

Ukishaufuta, kwa kama mwaka na nusu ile 10 igawe: 5 iende kwenye vipande, 5 iende kwenye akiba ya dharura, mahali ambapo inatoka siku hiyohiyo ukiihitaji na bei yake haipandi wala kushuka. Ikifikia gharama za mwezi mmoja hivi, yaani 90, rudisha 10 yote kwenye vipande. Wapo wanaoshauri akiba ya miezi mitatu hadi sita kabla ya kuwekeza chochote. Hesabu yao ni nzuri, ila kwa tabia uliyonieleza nahofia ukiacha kuwekeza kwa miaka mitatu hutarudi. Mwezi mmoja kwanza. Mingine itakuja mshahara ukipanda.

Uliuliza kama hatua ndogo ni maneno ya kufariji wasio na mtaji. Swali hilo nalipenda kwa sababu linajibika kwa namba. Endelea na mfano wetu: 10 kila mwezi, mshahara hauongezeki hata mara moja, ukuaji wa asilimia 10 kwa mwaka. Baada ya miaka 10 utakuwa umeweka 1,200 na salio litakuwa kama 2,000. Faida ni 800. Baada ya miaka 20 umeweka 2,400 na salio ni kama 7,200, faida 4,800. Baada ya miaka 30 umeweka 3,600 na salio ni kama 20,600, faida 17,000. Angalia faida ilivyokaa. Muongo wa kwanza unaleta 800, wa pili 4,000, wa tatu 12,200. Pesa unayoweka ni ileile na jasho ni lilelile. Kinachobadilika ni kwamba miaka ya mwanzo unaisukuma pesa wewe, na miaka ya mwisho faida ya faida ndiyo inayoivuta.

Kwa hiyo unapoangalia miezi 28 na kuona theluthi ya mshahara, unaona sawasawa kabisa. Ndivyo inavyopaswa kuonekana. Ubaya wa jambo hili ni kwamba kipindi kigumu kuliko vyote kinakuja mwanzoni, wakati mtu hana ushahidi wa kumtia moyo, na uzuri wote umerundikwa mwishoni. Wengi wanaacha wakiwa hapo ulipo wewe leo, na siwalaumu.

Nisikudanganye, hata hivyo. Asilimia 10 niliyotumia ni ya mfano, hakuna aliyekuahidi miaka 30 ya namna hiyo. Kuna mambo mawili yanayoila kimya kimya. La kwanza ni mfumuko wa bei. Kuna kanuni ya zamani ya wafanyabiashara: gawanya 72 kwa kiwango cha ukuaji, utapata miaka ambayo pesa inajirudufu. Kwa asilimia 10 ni miaka 7 na ushee. Lakini kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 6, ukuaji wako wa kweli ni kama asilimia 4, na kujirudufu ni miaka 18. La pili ni ada za mfuko. Hesabu ile ya miaka 30 iliyokupa 20,600, ikipungua kutoka asilimia 10 hadi 8 kwa sababu ya ada, inakupa kama 14,100. Asilimia mbili zinazoonekana si kitu zimebeba karibu theluthi ya jasho la maisha. Kwa hiyo kabla ya mwezi huu kuisha, tafuta karatasi za mfuko wako usome mahali penye ada ya usimamizi na ada ya kuingia na kutoka. Usipoelewa, piga simu uulize mpaka uelewe. Ni haki yako.

Tena subira juu ya kitu kibaya ni hasara ya polepole. Kipimo cha Nikkei cha hisa za Japani kilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, kisha kikaanguka, na hakikukipita kilele kile hadi Februari 2024. Miaka 34! Aliyeweka pesa zake zote siku moja, kileleni, katika soko moja, alihitaji maisha ya mtu mzima kusubiri. Aliyekuwa ananunua kidogo kila mwezi miaka yote ile hakuumia hivyo, kwa sababu bei zilipokuwa chini kiasi kilekile kilimnunulia hisa nyingi zaidi. Ndiyo maana nafurahia utaratibu wako wa kila mwezi, na ndiyo maana nakusihi uangalie mfuko wako umewekeza wapi. Kama ni kampuni chache za sekta moja, tawanya. Na pesa utakayoihitaji ndani ya miaka mitatu au minne, labda ya harusi au ya masomo, usiipeleke kwenye hisa kabisa.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo lililonigusa. Unasema wewe ni mtu asiye na subira. Sikubaliani. Mtu aliyeweka miezi 28 bila kukosa hata mmoja, huku akibanwa kila mwisho wa mwezi, ana subira kunishinda mimi nilipokuwa na umri wake.

Nikusimulie. Nilikuwa na hisa nilizozikusanya kwa miaka sita. Bei zikaanguka, thamani ya hisa zangu ikapungua kwa karibu robo. Sikuogopa. Nilijua zitapanda, na nilimwambia kila mtu kwamba mimi siuzi. Mwezi uliofuata mume wangu alisimamishwa kazi, na sisi hatukuwa na akiba ya dharura hata ya wiki mbili. Niliuza zote kwa bei ya chini, nikilia. Mwaka na miezi kadhaa baadaye zilikuwa zimerudi na kupita pale. Kwa miaka mingi nilijilaumu kwamba nilikosa uvumilivu, hadi nilipokaa nikaona kwamba uvumilivu nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni kitu cha kuishi nacho wakati navumilia. Tangu hapo nikisikia mtu anasifiwa kwa subira, nauliza kwanza amejipangaje: ana akiba gani pembeni, anadaiwa nini, nani anamtegemea. Mara nyingi subira yake inakaa humo.

Ulinganishe mwenyewe mambo yako mawili. Kwenye pesa, benki inakata kabla hujaamua, na kiasi ni kidogo. Hujakosa mara 28. Kwenye kompyuta, kila usiku unapaswa kuamua upya, ukiwa umechoka, na unachojidai ni kikubwa mno, muda wa saa tatu. Umeacha mara tatu. Mtu ni yuleyule, tabia ni ileile. Tofauti iko kwenye mpangilio.

Basi hamishia mpangilio wa kwanza kwenye wa pili. Dakika 20 kila siku, zikiwa zimefungwa kwenye jambo ambalo unalifanya tayari bila kufikiri: baada ya kuoga jioni, au ukishafika ofisini kabla wenzako hawajaingia. Kompyuta iachwe imefunguliwa kwenye zoezi la jana ili usianze kutafuta. Dakika 20 zikiisha na una hamu, endelea, lakini kesho deni lako ni 20 tu, usijiongezee. Na usisome tu. Andika, hata kama ni programu ya kujumlisha namba mbili, iendeshe, ione inakosea, irekebishe. Mtu anajifunza kazi hii kwenye makosa anayoyarekebisha mwenyewe.

Na zile siku mbili unazokosa? Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajaribu kujijengea tabia mpya ya kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo lianze kufanyika lenyewe bila kujilazimisha, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, kutegemea mtu na ugumu wa jambo lenyewe. Na waligundua kwamba kukosa nafasi moja hakukuharibu kitu. Wewe umekuwa ukijihukumu siku ya 14, au ya 20, kwa kukosa kidogo, na kufuta kazi yote. Ukikosa Jumanne, Jumatano fanya dakika zako 20 kama kawaida. Usizilipe za jana.

Mdogo wako mwombe msaada. Najua inauma, lakini ndiye mtu aliyefika unakotaka kufika akiwa ametoka nyumba moja nawe. Mwambie akutazame unavyoandika mara moja kwa wiki. Nadhani atafurahi kuliko unavyodhani.

Kuhusu kuangalia salio kila asubuhi, acha. Si kwa sababu ni dhambi. Kila ukiangalia unajipa nafasi ya kutaka kufanya kitu. Wanauchumi Brad Barber na Terrance Odean walichambua akaunti za kaya 66,465 nchini Marekani, za kati ya mwaka 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilileta asilimia 17.9. Kila wanaponunua na kuuza wanalipa gharama, na gharama hizo zinakula faida. Wewe hujaanza kuuza na kununua, lakini umeshafika mahali pa kutaka kuvunja yote kwa maneno ya rafiki, na hamu hiyo ilianzia kwenye simu ya asubuhi. Ifute hiyo programu ya mfuko kwenye simu. Angalia kwenye kompyuta, mara moja kila baada ya miezi mitatu, na ukiwa hapo andika kwenye daftari mambo mawili tu: vipande vingapi ninavyo, na miezi mingapi sijakopa. Bei ya kipande wala usiiandike kwa sasa.

Kwa kuwa naona u mtu wa kutaka kuona, utaviona vipande vikiongezeka kila robo mwaka bila kurudi nyuma, maana idadi yake haishuki soko likishuka. Na mshahara ukiongezwa, siku hiyohiyo, kabla hujazoea, iambie benki ipandishe makato kwa nusu ya nyongeza. Nusu nyingine ifurahie, umeitolea jasho.

Fanya la mkopo kwanza, mengine yote yasubiri nyuma yake. Mwezi wa tatu baada ya kuufuta, niandikie uniambie tarehe 25 uliipitaje.

Shangazi yako